Hin Ngam: mwongozo kamili wa kufika kwenye ufuko wa mawe meusi, Thailand

Ukimtajia Mtanzania ufuko wa kokoto, atafikiria lori la ujenzi na mifuko ya saruji. Ufuko wa Ko Hin Ngam hauna ukali huo. Mawe yake ni laini kama yai, meusi au ya kijivu kilichokolea, mengine yana mistari myeupe, na wimbi likiyalowesha yanang'aa kana kwamba mtu amepita akiyapaka mafuta. Likirudi nyuma, huyavuta kidogo na yote hugongana kwa pamoja. Sauti hiyo peke yake ingetosha kumtoa mtu Mombasa.

Hin Ngam ni kisiwa kidogo katika Bahari ya Andaman, mkoa wa Satun, kusini kabisa mwa Thailand upande wa magharibi, karibu na maji ya Malaysia. Kwa Kithai *ko* ni kisiwa, *hin* ni jiwe, *ngam* ni zuri. Kimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Tarutao, iliyoanzishwa mwaka 1974 na yenye visiwa 51. Hakuna anayelala hapo. Watu hulala Ko Lipe, kisiwa jirani chenye hoteli na migahawa, kisha huvuka kwa boti.

Kabla hujaanza kuhesabu nauli, ujue jambo moja. Hin Ngam ni pa kimya kwa saa maalumu tu. Katikati ya asubuhi, boti za watalii zinapofika kwa mkupuo, utasikia zaidi watu wakipiga picha kuliko mawe yakigongana. Karibu kila ushauri ulio hapa chini una shabaha ya kukufikisha pale kabla yao, ukiwa na viatu vinavyofaa na bila haraka.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi kwa upepo

Mtu wa Pwani hahitaji maelezo marefu hapa, maana pepo ni zilezile za Bahari ya Hindi. Kaskazi inapovuma kwetu, Bahari ya Andaman imetulia na maji yake yanaonekana mpaka chini. Kusi yetu ikishavuka ikweta hugeuka kuwa upepo wa kusini-magharibi, na upepo huo huvipiga visiwa vya Satun moja kwa moja kuanzia Mei hadi Oktoba. Katika miezi hiyo sehemu kubwa ya hifadhi hufungwa, na boti hupungua.

Kwa hiyo panga safari kati ya Novemba na Aprili. Ningeambiwa nichague mimi, ningekwenda Januari hadi Machi. Novemba ina mtego wake: bahari ya Lipe inaweza kuwa shwari huku Hat Yai, mji utakaopitia, ukiwa kwenye mvua zake kubwa za mwaka. Mafuriko ya Novemba 2025 pale Hat Yai yalikwamisha wasafiri wengi. Aprili joto ni kali, na mawe meusi hulishika joto hilo kuliko mchanga mweupe.

Ukiweza kuchagua na siku, tazama mwezi wa angani. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, mikondo kati ya visiwa hivi huwa na nguvu. Kama unataka kuogelea na kutazama matumbawe, siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni salama zaidi na ni rahisi zaidi kwa asiye mzoefu.

Hatua ya pili: karatasi, na hasa ile ya njano

Wasafiri wengi wa Afrika Mashariki hushughulikia viza na kusahau chanjo. Thailand hudai cheti cha homa ya manjano kwa watu wanaotoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, vinginevyo haihesabiki. Ukishuka Suvarnabhumi, uwanja mkuu wa Bangkok, usikimbilie foleni ya uhamiaji. Tafuta kwanza dawati la afya, uonyeshe kadi yako, ndipo uendelee. Anayepuuza hatua hiyo hufika mbele ya ofisa baada ya kusimama muda mrefu, akarudishwa mwanzo.

Viza huombwa kwa njia ya mtandao kwenye tovuti rasmi ya viza ya Thailand. Mwenye pasipoti ya nchi ya Ghuba, Ulaya au Amerika Kaskazini aangalie kanuni za pasipoti yake, kwani nyingi zina msamaha wa viza. Tangu tarehe 1 Mei 2025 kila mgeni hujaza pia kadi ya kidijitali ya kuingia, inayojulikana kwa herufi TDAC, ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Kuijaza ni bure. Tovuti inayokudai pesa kwa kazi hiyo, ifunge.

Sigara za kielektroniki usizibebe kabisa, ni marufuku nchini humo.

Hatua ya tatu: kutoka nyumbani hadi gatini

Kutoka Nairobi kuna ndege za moja kwa moja hadi Bangkok. Wa Dar es Salaam, Entebbe au Kigali wengi hupitia Addis Ababa, Doha au Dubai. Bangkok iko mbele yetu kwa saa nne, na mbele ya Kigali kwa saa tano.

Kutoka Bangkok chukua ndege ya ndani hadi Hat Yai, takriban saa moja na nusu angani. Soma tiketi vizuri: Bangkok ina viwanja viwili, Suvarnabhumi na Don Mueang, na ndege nyingi za bei nafuu hurukia Don Mueang. Kati ya viwanja hivyo kuna msongamano wa magari wa kutisha. Kama unashukia kimoja na kupandia kingine, acha saa nne au tano katikati, au lala Bangkok usiku mmoja. Mimi ningelala.

Hat Yai hadi gati ya Pak Bara ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari dogo la abiria, lile ambalo Nairobi lingeitwa matatu, ila hili lina kiyoyozi na halina muziki. Tiketi za pamoja za gari na boti huuzwa uwanja wa ndege na mjini. Boti za kasi za kwenda Lipe huchukua saa moja na nusu hadi mbili kutegemea vituo na mawimbi. Hazisafiri usiku, na za mwisho huondoka alasiri, hivyo ukitua Hat Yai baada ya adhuhuri usilazimishe. Lala Hat Yai au Pak Bara, uanze asubuhi. Siti za nyuma ya boti hurushwa kidogo kuliko za mbele. Mwenye tatizo la kichefuchefu cha bahari anywe dawa nusu saa kabla ya kupanda.

Ipo njia nyingine, kupitia kisiwa cha Langkawi, Malaysia. Katika msimu kuna boti kati yake na Lipe, na maofisa wa uhamiaji hugonga pasipoti palepale kisiwani. Ni njia nzuri kwa anayetoka Kuala Lumpur. Lakini kama viza yako ya Thailand ni ya kuingia mara moja, ukitoka kwenda Langkawi umekwisha itumia.

Chakula, sala na saa

Hapa sina budi kuweka mabano kidogo, kwa kuwa ni jambo linalowapa wengi wetu faraja wasiyoitarajia. Wakazi wengi wa Satun ni Waislamu. Pak Bara utasikia adhana, utaona wanawake wenye hijabu wakiuza samaki wa kukaanga, na chakula halali hakisakwi kwa tochi. Lipe nako kuna vibanda vya *roti*, binamu wa chapati yetu, inayopigwa na kunyooshwa hadi kuwa nyembamba, ikakunjiwa ndizi ndani, ikamwagiwa maziwa mazito ya kopo. Mwanamke atakayeogelea na vazi la kumfunika mwili mzima hatashangaza mtu.

La pili ni saa. Wathai wana hesabu yao ya jadi ya saa iliyo karibu mno na ya Kiswahili. Saa mbili usiku wao huita *song thum*, na *song* ni mbili. Saa tatu usiku ni *sam thum*, na *sam* ni tatu. Inakwenda hivyo mpaka saa tano. Alasiri hesabu zinaachana, kwa hiyo usizitegemee kwa miadi ya boti. Lakini ukikaa na muuza roti jioni mkalinganisha saa kwa vidole, mtaelewana haraka.

Hatua ya nne: kuweka kambi Lipe

Lipe ni kisiwa cha kutembea kwa miguu. Fuo zake tatu kubwa hujulikana kwa majina ya kitalii: Pattaya upande wa kusini, Sunrise mashariki na Sunset magharibi. Pattaya kuna kelele na mabaa. Anayetafuta utulivu alale Sunset, au ncha ya kaskazini ya Sunrise, ambako ng'ambo ya maji unaukabili mlima wa kijani wa Ko Adang. Asiyejali starehe avuke Adang kwenyewe, kwenye kituo cha hifadhi cha Laem Son, ambako kuna vyumba vya kawaida na nafasi ya mahema chini ya mivinje.

Beba pesa taslimu za kutosha. Mashine za kutolea pesa zipo, ila kadi ya kigeni hukatwa zaidi ya baht 200 kila unapotoa, hata kama umetoa kidogo. Soketi za huko hazipokei plagi yetu ya pini tatu za mraba, hivyo chukua kigeuzi.

Wenyeji wa zamani wa Lipe ni Waurak Lawoi, watu wa bahari ambao kwa vizazi waliishi kwa kuvua na kuhama kati ya visiwa hivi. Utalii ulipovamia, ardhi yao ilianza kugombaniwa, na migogoro hiyo haijaisha. Wengi wao leo ni manahodha wa boti ndogo. Ukiwa na hiari ya kuchagua, mpe kazi mmoja wao. Ukipita katikati ya nyumba zao, omba ruhusa kabla ya kutoa kamera, kama ambavyo ungefanya Pemba.

Hatua ya tano: kupata boti

Hii ndiyo hatua inayoamua safari yako itakuwa ya namna gani, basi tukae hapa kidogo.

Safari za makundi huuzwa kila kona ya Lipe kwa bei nafuu. Huondoka mnamo saa tatu asubuhi na kuzungukia visiwa vya karibu: Hin Ngam, Yang, Jabang, Rawi, Adang. Zote hupita njia karibu moja. Pale Hin Ngam utapewa dakika ishirini au thelathini, pamoja na watu wa boti nyingine kadhaa. Kwa mwenye siku moja tu, inatosha. Kwa aliyevuka Bahari ya Hindi nzima kutafuta kimya, ni hasara.

Njia bora ni kukodi boti nzima ya mkia mrefu. Ni boti ya mbao yenye injini ya gari iliyofungwa nyuma, na chuma kirefu kinachopeleka panga la injini mbali majini. Bei hutajwa kwa boti, si kwa kichwa, hivyo watu wanne wakichanga gharama haiwi mbali sana na ya safari ya kundi. Nenda ufukweni jioni ya siku iliyotangulia na uzungumze na nahodha mwenyewe. Msalimie kwanza. Mwanamume humalizia maneno yake kwa *khrap*, mwanamke kwa *kha*, na mtu aliyekuzidi umri huitwa *phi*, kaka au dada mkubwa. Bei huulizwa *thao rai*. Punguzo liombe kwa tabasamu, na usilisukume hadi mtu akunje uso. Huko anayepandisha sauti sokoni hudharauliwa, hata akiwa na haki.

Mkubaliane mambo manne: saa ya kuondoka, visiwa mtakavyopita, muda wa kukaa Hin Ngam, na kama bei ina makoti ya kuokolea na miwani ya kuogelea. Saa iandike kwa tarakimu kwenye simu umwonyeshe. Omba kuondoka saa moja asubuhi, Hin Ngam kiwe kituo cha kwanza. Mwendo ni nusu saa hivi bahari ikiwa shwari. Jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo utafika mwanga ukiwa bado umelala, na mistari ya mawe ikionekana vizuri kuliko mchana. Kama asubuhi ni ngumu kwako, chaguo la pili ni saa tisa na nusu alasiri, boti za makundi zikiwa zinarudi.

Ada ya hifadhi kwa mgeni mtu mzima ni baht 200. Ukishalipa, tunza tiketi kwenye mfuko usioingia maji, maana unaweza kuulizwa tena kisiwa kingine.

Hatua ya sita: unavyovaa na unavyobeba

Viatu kwanza. Ndala hazifai: mguu unateleza ndani yake na jiwe linateleza chini yake. Vaa viatu vya kuogelea vyenye soli ya mpira, au raba kuukuu za kufunga. Peku unaweza asubuhi, lakini saa sita mawe yanachoma kama kikaango.

Mafuta ya kukinga jua yasome kabla hujafunga begi. Tangu Agosti 2021 Thailand imepiga marufuku, ndani ya hifadhi zake za bahari, mafuta yenye kemikali nne zinazodhuru matumbawe, zikiwemo oxybenzone na octinoxate. Faini inaweza kufika baht 100,000. Fulana ya mikono mirefu ya kuogelea hukinga zaidi na haina kesi. Vyombo vya plastiki vya kutupa na vya povu navyo vimekatazwa hifadhini, hivyo chukua chupa yako ya maji. Beba lita moja na nusu kwa mtu, kofia, na kitu cha kutafuna. Kisiwani hakuna duka, na haja zako zimalize Lipe. Ndege ndogo ya kamera inahitaji usajili na kibali cha hifadhi. Mimi ningeiacha nyumbani, ukizingatia ni kimya ulichokifuata.

Hatua ya saba: ukifika

Subiri nahodha aguse nchi na akupe ishara. Ufuko wa mawe hauna ukarimu wa mchanga: boti hupanda na kushuka na wimbi, na kifundo cha mguu kinaweza kubanwa kati ya ubao na mawe. Shuka kwa upande anaokuonyesha, mikono yote miwili ikiwa huru, begi akupokeze baadaye.

Tembea kwa hatua fupi, goti likiwa limelegea. Mawe makavu ya juu hutulia, na yaliyo kwenye ukingo wa maji huviringika. Mzee au mtoto mshike mkono mpaka apate pa kukaa. Kisha kaeni. Usianze na kamera. Chagua jiwe moja karibu nawe, ulimwagie maji kidogo uone rangi inavyobadilika, na ulitazame likikauka na kufifia tena. Sikiliza wimbi likiingia kwa mvumo na kutoka kwa mchakacho. Ukitulia hivyo, saa moja itakwisha hujaimaliza.

Majini, kina huongezeka upesi, na miamba ina viumbe wenye miiba mirefu myeusi, kwa hiyo ogelea ukielea, usisimame. Matumbawe bora yako vituo vya mbele. Jabang ina matumbawe laini ya rangi za zambarau na waridi, lakini mkondo wake ni mkali, na wageni hushikilia kamba iliyofungwa kwenye boya. Vaa koti la kuokolea hapo hata kama umekulia Lamu. Na kwa kuwa tsunami ya Desemba 2004, ileile iliyofika hadi mwambao wetu, iliipiga vibaya pwani ya Andaman, ukiona maji yanakimbia ghafla kuliko kupwa kwa kawaida, acha vitu na upande juu.

Hatua ya nane: mawe yabaki

Kuna bango kisiwani linaloonya: atakayechukua jiwe, hata moja, ataandamwa na laana ya Chao Pho Tarutao, roho mlinzi wa visiwa hivi. Mtu aliyekulia karibu na mapango yenye wenyewe, yenye vitambaa vyekundu na ubani, halioni bango hilo kuwa la kuchekesha. Asiyeamini roho aamini sheria: kutoa kitu chochote cha asili ndani ya hifadhi ni kosa. Na Tarutao yenyewe, kisiwa kilichoipa hifadhi jina, ina historia ya kutosha bila wewe kuongeza kesi. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ilifanywa gereza. Vita vilipokata chakula, walinzi na wafungwa waligeuka maharamia pamoja, hadi askari wa Uingereza walipokuja kuwakomesha mwaka 1946.

Utakuta pia minara midogo ya mawe iliyopangwa na wageni wanaoomba bahati. Mimi siipangi wala siiangushi. Ufuko unapendeza zaidi ulivyopangwa na maji, na jiwe lililopandishwa juu halisuguliwi tena na wimbi.

Kabla ya kupanda boti, vua viatu uvikung'ute, kagua mifuko ya watoto na mikunjo ya taulo, kwani vijiwe vidogo huingia vyenyewe. Ukifungua begi Dar au Toronto ukakikuta kimoja, usikitupe bustanini. Kila mwaka ofisi ya hifadhi hupokea vifurushi vya mawe vilivyorudishwa kwa posta pamoja na barua za kuomba radhi. Kifunge vizuri, andika Tarutao National Marine Park, Satun, Thailand, na ukipeleke posta.